Mali na Daftari: Jinsi Serikali Zilivyojifunza Kuainisha Kazi za Watu

Msimu wa pamba unapofika Mwanza, Simiyu na Shinyanga, malori hupanga foleni nje ya viwanda vya kuchambua pamba. Ndani mitambo inanguruma, wafanyakazi wanapokezana zamu, na marobota yanafungwa kwa mashine tayari kusafirishwa. Mpita njia yeyote atasema hapa ni kiwandani. Lakini katika orodha ambayo Umoja wa Mataifa umeiandaa ili nchi zote zipime uchumi kwa vipimo vinavyofanana, kazi hiyo haimo kwenye viwanda. Toleo la nne la orodha hiyo limeiweka chini ya kilimo, fungu namba 0163, pamoja na shughuli nyingine za kutayarisha mazao kwa ajili ya soko baada ya kuvunwa. Pamba hiyohiyo ikifika kwa wasokota nyuzi, ndipo inapohesabiwa viwandani.

Mpangilio huo una hoja yake: nyuzi zilizotenganishwa na mbegu bado ni zao ghafi. Hata hivyo una matokeo. Bunge linapoelezwa kwamba kilimo kimechangia kiasi hiki cha Pato la Taifa na viwanda kiasi kile, tarakimu hizo zimeshabeba mamia ya maamuzi ya namna hii, yaliyofanywa na watu wa miji ya mbali, katika zama tofauti na kwa sababu ambazo wengi wetu hatujawahi kuelezwa. Mikopo ya benki, ruzuku, mipango ya miaka mitano na sera za ajira hujengwa juu ya tarakimu hizo.

Makala haya yanafuatilia historia ya orodha za namna hiyo. Hoja yangu ni kwamba kuainisha shughuli za uchumi ni mapatano ya watu wa zama fulani kuhusu kazi ipi ihesabiwe kuwa kazi. Kila toleo limebeba macho ya walioliandika. Sisi wa Afrika Mashariki, ambao kazi zetu nyingi zilichelewa kuingizwa humo, tuna haki na wajibu wa kuwa miongoni mwa waandishi wake.

Forodha kabla ya sensa

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wafanyabiashara wa pwani waliuzingatia usemi huo. Katika Zanzibar ya karne ya 19, daftari kubwa la dola lilikuwa la forodha. Sultani alikodisha ukusanyaji wa ushuru kwa matajiri wenye mitaji. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, na baadaye ikashikwa na Taria Topan. Mkataba na Marekani wa mwaka 1833 uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia. Kilichotazamwa forodhani ni vitu: pembe za ndovu, karafuu, sandarusi, ngozi, shanga, na mashuka ya merikani.

Kazi iliyozaa vitu hivyo haikuwa na safu yake. Watumwa waliochuma karafuu Unguja na Pemba, wapagazi waliozibeba pembe kutoka Tabora na Ujiji, mafundi waliotengeneza majahazi, wanawake waliowapikia wote hao: dola haikuwa na haja ya kuwaandika, kwa kuwa mapato yake yalipatikana pale mzigo ulipovuka bandari. Hili ni somo la kwanza la historia hii. Serikali huhesabu kile inachoweza kukitoza au kukiamrisha, na kwa muda mrefu ilikuwa rahisi kuitoza bidhaa kuliko kuijua kazi.

Wakoloni wa Kiingereza walikuja na mazoea hayo kwa sura nyingine. Kila koloni lilipeleka London ripoti ya mwaka iliyoitwa Kitabu cha Bluu, yenye majedwali ya biashara ya nje, kilimo, madini, uvuvi na viwanda. Kodi ya kibanda nayo ililazimisha vibanda vihesabiwe. Basi dola ilijua idadi ya tani zilizopakiwa melini na makadirio ya vibanda vilivyolipa kodi. Kati ya kibanda na meli palikuwa na maisha mazima ya uchumi ambayo hayakuwa na jedwali.

Wanaozalisha na wasiozalisha

Ulaya yenyewe ilikuwa imebishana kwa karne mbili kuhusu nani anazalisha. Uingereza, William Petty aliandika juu ya hesabu za siasa na uchumi. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1690, baada ya kufa kwake. Alidai kuwa ufundi una faida kuliko kilimo, na biashara ina faida kuliko ufundi. Ufaransa, François Quesnay, tabibu wa kasri ya mfalme, alitoa mwaka 1758 jedwali lake mashuhuri lenye mtazamo wa kinyume kabisa: wakulima pekee ndio tabaka linalozalisha, wamiliki wa ardhi hupokea kodi ya pango, na mafundi pamoja na wafanyabiashara ni tabaka tasa. Mwaka 1776 Adam Smith aliwaondolea mafundi aibu hiyo, lakini akachora mpaka mwingine. Kwake, mtumishi wa nyumbani, askari, kasisi, mwanasheria, tabibu na mwanamuziki walifanya kazi isiyozalisha, kwa kuwa kazi yao haikuacha kitu cha kushikika kinachoweza kuuzwa baadaye.

Mpaka wa Smith ulidumu mno. Karl Marx aliuchambua upya, na dola ya Kisovieti ikajenga juu ya fikra hizo mfumo wake wa takwimu uliopima mazao ya vitu peke yake. Mpaka miaka ya mwisho ya dola hiyo, kazi ya mwalimu na ya daktari haikuingia katika hesabu yake kuu ya pato la taifa. Nchi zilizofuata mfumo huo na zile zilizofuata mfumo wa Magharibi hazikuweza kulinganishwa hivihivi, maana kila upande ulikuwa na jibu lake kwa swali la Quesnay.

Sensa za Uingereza zinaonyesha jinsi mpaka huo ulivyomgusa mwanamke. Sensa ya kwanza ya mwaka 1801 iliwagawa watu katika mafungu matatu tu: kilimo, biashara na ufundi, na wengineo. Mwaka 1851 mtakwimu William Farr alipanga kazi katika matabaka mengi zaidi, na aliwapa wake na akina mama waliotunza nyumba mahali pao miongoni mwa wenye shughuli. Ilipofika sensa ya mwaka 1881, wanawake haohao, wakifanya kazi zilezile, walihamishiwa katika tabaka la wasio na shughuli. Nyumbani kwao hapakuwa na kilichobadilika. Kilichobadilika ni orodha, na uamuzi huo ukasafiri katika vitabu vya takwimu vya dunia kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mdororo Mkuu na haja ya lugha moja

Msukumo wa kuwa na orodha madhubuti ulitokana na janga. Mdororo Mkuu ulipoanza mwaka 1929, serikali ya Marekani haikuwa na hesabu ya kutegemewa ya ukubwa wa hasara. Seneti iliagiza utafiti, na mwanauchumi Simon Kuznets akawasilisha ripoti yake mwaka 1934. Ilionyesha, kwa mgawanyo wa shughuli mbalimbali, kwamba pato la taifa lilikuwa limeshuka kwa karibu nusu kati ya 1929 na 1932. Kuznets alieleza wazi kwamba kazi za mama wa nyumbani ameziacha nje kwa kukosa kipimo cha kuaminika. Alijua anachokiacha, waliokuja baadaye wakakiacha kwa mazoea.

Tatizo jingine likajitokeza. Idara moja ya serikali iliweza kukiita kiwanda fulani cha chakula, na nyingine ikakiita cha kemikali. Takwimu za ajira za idara moja hazikuoana na takwimu za uzalishaji za nyingine. Kwa hiyo mwaka 1937 iliundwa kamati ya idara mbalimbali, na matunda yake yalikuwa orodha ya kwanza sanifu ya viwanda na shughuli za Marekani, iliyokamilika mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuchapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1940. Uingereza ilitoa ya kwake mwaka 1948.

Miaka hiyohiyo wanauchumi walitafuta picha pana zaidi. Mwaka 1935 Allan Fisher, aliyezaliwa New Zealand, aligawa uchumi katika ngazi tatu: uzalishaji wa msingi kama kilimo na madini, uzalishaji wa viwandani, na huduma. Colin Clark aliueneza mgawanyo huo katika kitabu chake cha mwaka 1940, akisema kadiri nchi inavyotajirika ndivyo nguvu kazi yake inavyohama kutoka shambani kwenda kiwandani, na kutoka kiwandani kwenda kwenye huduma. Mipango ya maendeleo ya Afrika huru iliichukua picha hiyo kama ramani ya safari. Nchi iliyotaka kuonekana inasonga mbele ilitaka fungu la viwanda likue, na hapo swali la nini kinaitwa kiwanda likawa zito.

Orodha ya dunia nzima

Mwezi Agosti 1948 Baraza la Uchumi na Jamii la Umoja wa Mataifa lilipitisha orodha ya kimataifa ya shughuli zote za kiuchumi, inayojulikana kwa kifupi cha ISIC. Imefanyiwa marekebisho mara kadhaa. Toleo la pili lilitoka mwaka 1968, la tatu lilipitishwa mwaka 1989, la nne likakubaliwa mwaka 2006, na la tano liliridhiwa na Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2023.

Utaratibu wake ni mwepesi kuufahamu. Katika toleo la nne kuna sehemu 21 zenye herufi kuanzia A mpaka U. Sehemu hizo zimegawanywa kwa tarakimu mbili katika migawanyo 88, kisha kwa tarakimu tatu katika makundi 238, na mwisho kwa tarakimu nne katika mafungu 419. Mkulima wa mpunga wa Kyela yumo 0112. Mwenye shamba la karafuu Pemba yumo 0128, pamoja na viungo vingine. Mvuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria yumo 0312, na mwenzake wa baharini 0311. Mashine ya kusaga unga ni 1061, fundi cherehani 1410, bodaboda 4922, mama lishe 5610, na msusi 9602. Anayesajili kampuni Tanzania leo hutakiwa kueleza shughuli zake kwa kuzingatia orodha hii, hata kama hajawahi kusikia habari za mwaka 1948.

Palipo na shughuli zaidi ya moja, hutumika kanuni ya shughuli kuu, yaani ile inayoongeza thamani kubwa kuliko nyingine. Kampuni ya sukari yenye mashamba ya miwa na kiwanda katika bonde moja ni mfano mzuri. Hesabu za shamba zikitunzwa mbali na za kiwanda, miwa itaingia 0114 na sukari 1072. Zikichanganywa, kimoja kitakimeza kingine. Kwa njia hiyo namna mhasibu anavyopanga vitabu inaweza kukuza fungu la kilimo au la viwanda bila muwa mmoja kuongezeka.

Kuna kanuni nyingine muhimu zaidi kwetu. Orodha hii haiulizi nani mmiliki, wala kama biashara ina leseni. Fundi wa sufuria wa Kamukunji, Nairobi, anayegonga bati chini ya jua, na kiwanda chenye uzio na geti kinachotengeneza sufuria hizohizo, wako fungu moja. Tangu mwanzo, kwenye karatasi, fundi huyo alikuwa na mahali pake. Kilichomkosesha kuonekana ni kwamba hakuna aliyetumwa kumhesabu.

Somo kutoka vijiji vya Nyasaland

Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikiendelea, mwanauchumi kijana wa Uingereza, Phyllis Deane, alipewa kazi ya kujaribu mbinu mpya za hesabu za taifa kwenye makoloni. Walioziasisi mbinu hizo, Richard Stone na James Meade, walikuwa miongoni mwa washauri wa kazi yake. Alianza London kwa kutumia nyaraka, akichukua Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, ambazo leo ni Zambia na Malawi. Baada ya vita akaenda mwenyewe kufanya utafiti vijijini. Vitabu vyake vya mwaka 1948 na 1953 vinastahili kusomwa na kila mtakwimu wa Afrika.

Deane aligundua kwamba majedwali aliyokwenda nayo hayakutosha. Kijijini, mtu mmoja hulima, huvua, hujenga, hupika pombe, huuza na kuponya, na sehemu kubwa ya mazao haipiti sokoni. Aliona kuwa kuhesabu mazao ya shambani huku ukiacha kuchanja kuni, kuteka maji na kutwanga nafaka ni kukata mlolongo mmoja wa kazi katikati, kwa kuwa mahindi yasiyotwangwa hayaliwi. Alitetea kazi hizo ziingizwe. Mfumo wa kimataifa wa hesabu za taifa uliokuja kupitishwa mwaka 1953 haukuufuata ushauri huo kikamilifu, na sehemu kubwa ya kazi ya wanawake wa vijijini ikabaki nje.

Afrika Mashariki ilikuwa na Idara yake ya Takwimu chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki, makao yake yakiwa Nairobi, na sensa ya mwaka 1948 iliendeshwa katika nchi zote tatu. Kwa Tanganyika, Alan Peacock na Douglas Dosser walichapisha mwaka 1958 makadirio ya pato la taifa la miaka 1952 hadi 1954. Wote waliofanya kazi hiyo walikutana na swali lilelile: shamba la mkulima anayekula anacholima lithaminiwe vipi?

Baada ya uhuru watakwimu wetu walitoa jibu lao wenyewe. Kenya iligawa pato lake pande mbili, uchumi wa fedha na uchumi usio wa fedha. Katika upande wa pili, majedwali ya miaka ya 1970 yalikuwa na mistari ya uvuvi, misitu, ujenzi wa nyumba za kienyeji, na maji yanayotekwa. Tanzania nayo ilidumu na mgawanyo wa fedha na usio wa fedha mpaka karne hii. Maji ya mtungini, yaliyobebwa kichwani na wanawake na wasichana, yalikuwa na mstari wake katika hesabu za Nairobi kabla mfumo wa dunia wa mwaka 1993 haujasema bayana kwamba kuteka maji ni uzalishaji. Jambo hili halisimuliwi vya kutosha. Linaonyesha kwamba tumewahi kutangulia.

Waliokuwepo bila kuonekana

Mijini hali ilikuwa tofauti. Tafiti za ajira zilikwenda kwa waajiri waliosajiliwa, na yeyote asiyekuwa kwenye daftari la mwajiri alidhaniwa hana kazi. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilichapisha ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, iliyoandaliwa na ujumbe ulioongozwa na Hans Singer na Richard Jolly. Ripoti hiyo ilisema kwamba tatizo kubwa la Kenya halikuwa watu kukaa bure. Wengi walifanya kazi kwa saa nyingi na kwa ufanisi, ila kipato kilikuwa kidogo na serikali iliwasumbua badala ya kuwasaidia. Ripoti ilitumia jina la sekta isiyo rasmi, wazo ambalo Keith Hart alikuwa amelieleza mwaka mmoja kabla kutokana na utafiti wake Accra, Ghana. Kutoka hapo wazo hilo likaenea duniani.

Tanzania ilipita njia yenye machungu. Mwaka 1983 ilipitishwa Sheria ya Nguvukazi, iliyomtaka kila mtu mwenye uwezo awe na kazi inayotambuliwa. Jijini Dar es Salaam, wachuuzi na mafundi wasio na vitambulisho vya kazi walikamatwa kama wazururaji na wengine wakapelekwa vijijini. Watu hao walikuwa wakiuza samaki, wakishona viatu, wakichoma mahindi. Miji ilikula kutokana na mikono yao katika miaka ya uhaba mkubwa. Orodha ya dunia ilikuwa na tarakimu kwa kila mmoja wao, lakini sheria iliwaita wasiozalisha, kama Quesnay alivyowaita mafundi wa Ufaransa tasa. Kosa la uainishaji likipewa nguvu ya dola huwaumiza watu wa damu na nyama.

Mwaka 1991 serikali hiyohiyo ilifanya utafiti wa kitaifa wa sekta isiyo rasmi, ikaenda kuwahesabu wale iliokuwa ikiwafukuza. Mwaka uliofuata Kenya ilitoa waraka wa sera kuhusu biashara ndogondogo na jua kali. Leo taarifa za uchumi za Kenya zinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajira nje ya kilimo cha wakulima wadogo iko katika sekta isiyo rasmi. Fungu lililokuwa pembezoni limekuwa ndilo lenye watu.

Mwaka ambao uchumi ulikua kwenye karatasi

Hesabu za Pato la Taifa hutegemea mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao uzito wa kila shughuli hupimwa upya. Mwaka huo ukizeeka, shughuli mpya huonekana ndogo kuliko zilivyo. Mwaka 2014 nchi kadhaa za Afrika zilifanya marekebisho karibu kwa pamoja. Nigeria, iliyokuwa ikitumia uzito wa mwaka 1990, ilihamia mwaka 2010 na pato lake likapanda kwa takriban asilimia 89, kwa kuwa simu za mkononi na filamu, ambazo hazikuonekana vizuri katika picha ya 1990, zilipewa nafasi yake. Kenya ilitoka mwaka 2001 hadi 2009, ikapanda kwa takriban robo na kuingia katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Tanzania ilihama kutoka 2001 hadi 2007, nayo ikaongezeka kwa zaidi ya robo.

Hakuna mwananchi aliyeamka siku hiyo akiwa na fedha zaidi mfukoni. Lakini madeni ya taifa yakionekana madogo mbele ya pato kubwa, milango ya kukopa hufunguka. Kodi nayo huonekana ndogo mno kulingana na pato, na shinikizo la kukusanya zaidi hupanda. Bodaboda na mama lishe walioingizwa katika hesabu wanastahili kujua kwamba kuhesabiwa kwao kuliongeza pato la nchi, na kwamba kutambuliwa huko kunapaswa kuwaletea mikopo, bima na maeneo ya kufanyia kazi, pamoja na kodi.

Kazi zinazokatiza mafungu

Baadhi ya shughuli zinazotubeba zaidi hazina fungu kabisa. Utalii ni mojawapo. Hakuna sehemu ya utalii katika orodha ya Umoja wa Mataifa, kwa sababu orodha hupanga kwa kutazama kinachofanywa, na utalii hujulikana kwa kutazama anayenunua. Hoteli ya Nungwi iko kwenye malazi, gari la kwenda Serengeti kwenye usafiri, mwongoza watalii kwa mawakala wa safari, na muuza vinyago kwenye biashara. Kwa ajili hiyo Tume ya Takwimu iliridhia mwaka 2000 utaratibu wa hesabu za pembeni zinazokusanya vipande hivyo pamoja. Nchi inayotegemea wageni bila kuwa na hesabu hizo inaongoza sekta yake kwa kukisia.

Biashara za mtandaoni zimeleta swali jingine. Dereva anayepata abiria kupitia programu ya simu yuko kwenye usafiri, lakini kampuni ya programu hiyo haina gari hata moja. Toleo la tano limeweka mahali maalumu pa wapatanishi wa namna hii katika usafiri, malazi na kwingineko. Hapo thamani anayoizalisha dereva wa Dar es Salaam na ile inayochukuliwa na mwenye programu zitaweza kuonekana mbalimbali, na mazungumzo ya haki kati yao yatakuwa na tarakimu za kusimamia.

Iliyobaki nje zaidi ni kazi ya nyumbani. Dada wa kazi anayelipwa mshahara ana fungu lake, 9700. Kazi zilezile zikifanywa na mke, binti au bibi, thamani yake haiingii katika Pato la Taifa. Orodha ina mahali pake, fungu 9820 la huduma za kaya kwa matumizi yake yenyewe, ila hesabu kuu za taifa zimelifungia nje. Tanzania ilipima matumizi ya muda katika utafiti wa nguvu kazi wa mwaka 2006, na Kenya imefanya utafiti wa namna hiyo mwaka 2021. Zote zimeonyesha wanawake wakibeba sehemu kubwa mno ya kazi hizi. Kinachotakiwa sasa ni kuzichapisha hesabu hizo kila mara kando ya Pato la Taifa, ili mpangaji bajeti asiweze kufunga zahanati au kisima akidhani ameokoa fedha, wakati amehamishia gharama kwenye migongo ya wanawake.

Zamu yetu ya kuandika

Orodha ya kimataifa inaruhusu kila nchi kuongeza tarakimu zake ili kugawa mafungu kwa kadiri ya mahitaji yake. Ruhusa hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Zanzibar inaweza kuitenga karafuu na viungo vingine. Tanzania, Kenya na Uganda zinaweza kuitenga bodaboda na teksi, na kujua kwa hakika vijana wangapi wanaitegemea. Viwanda vya kuchambua pamba vinaweza kupewa tarakimu yao ndani ya 0163, ili anayetaka kuona mchango wote wa pamba, kuanzia jembe mpaka kitambaa, auone.

Jambo la pili ni faharasa ya majina ya kazi kwa Kiswahili. Karani wa sensa hujibiwa na watu kwa majina wanayoyatumia: mgema, mkwezi, mwashi, msusi, dalali, mpiga debe, kuli, mchuuzi. Asipokuwa na mwongozo wa kuyapeleka majina hayo kwenye tarakimu sahihi, hayo yote huishia kwenye fungu la mengineyo, na kazi iliyoandikwa mengineyo ni sawa na iliyosahauliwa. Kiswahili kinasemwa kutoka pwani hadi mashariki mwa Kongo. Faharasa moja, ikikusanywa na watakwimu pamoja na wanalugha na wazee wa fani, ingezitumikia nchi kadhaa kwa wakati mmoja, na ingehifadhi elimu ya ufundi ambayo inapotea kila fundi mzee anapofariki.

Toleo la tano limeshapitishwa, na nchi zetu zitalihamishia katika sensa na tafiti zao katika miaka ijayo. Maamuzi ya mafungu madogo, ambayo kwa kawaida hufanywa ofisini bila kelele, yatafanyika ndani ya kipindi hicho. Vyama vya ushirika, vyama vya wachuuzi, vyuo vikuu na mabaraza ya lugha viende kwenye ofisi za takwimu sasa, vikiwa na mapendekezo yaliyoandikwa, kwa sababu tarakimu zikishachapishwa hukaa miaka mingi, na watu walioachwa nje huishi na matokeo yake kwa muda wote huo.